Kilima Ambacho Boti Hujijengea

Msomaji mmoja wa ukurasa huu, Mtanzania anayeishi Florida nchini Marekani, ameniandikia akiwa na dukuduku. Wafanyakazi wenzake walimwalika kutembea majini kwa boti ya mita 6. Walipofika penye kibao cha kupunguza mwendo, nahodha akaachia mafuta, mwendo ukashuka hadi karibu nusu, na wote wakaamini wametii sheria. Lakini wimbi lililowafuata likawa kubwa kuliko lile la mwanzo, likaenda kuzigonganisha boti ndogo zilizofungwa gatini, na wenyewe wakawapigia kelele. "Inakuwaje tupunguze mwendo halafu tuchafue maji zaidi?" anauliza. "Na kwa nini kibao hakikutaja kilomita hata moja?"

Maswali yote mawili yana jibu moja, nalo ni miongoni mwa mambo mazuri mno katika elimu ya maji. Sitatumia nafasi kueleza kwa nini chombo huelea. Hilo tulilimaliza shuleni na Archimedes. Twende moja kwa moja kwenye wimbi.

Sauti nene na sauti nyembamba husafiri hewani kwa mwendo mmoja. Kama si hivyo, taarabu ikisikilizwa kutoka mbali ingefika masikioni vipande vipande. Mawimbi ya juu ya maji hayafuati utaratibu huo. Kwenye maji ya kina, wimbi refu hukimbia kuliko wimbi fupi. Urefu ninaousema hapa si kimo chake, bali ni umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa wimbi linalofuata. Chukua umbali huo kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, nawe umepata mwendo wa wimbi kwa kilomita kwa saa. Wimbi la mita 1 huenda kilomita 4.5 kwa saa. La mita 4 huenda 9. La mita 16 huenda 18. Ukikaa gatini penye maji ya kina, saa mkononi na mwanafunzi wa sekondari kando yako, mnaweza kuithibitisha wenyewe, maana hesabu hii haitaki chombo kingine zaidi ya saa na macho.

Sasa ingiza boti. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, inapoyasukuma maji, yanainuka na kuwa wimbi, na nyuma ya wimbi hilo yanazaliwa mengine. Mawimbi yanayoandamana na boti hayana hiari. Ili yaandamane nayo, sharti yaende kwa mwendo wake. Na ili yaende kwa mwendo huo, sharti yawe na urefu unaolingana nao. Kwa hiyo nahodha anapochagua mwendo, anachagua pia urefu wa wimbi lake, ajue asijue.

Tuifuate ile boti ya mita 6. Ikienda kilomita 4.5 kwa saa, mawimbi yake yana urefu wa mita 1, na sita yanatosha ubavuni mwake. Ikifika karibu kilomita 8, wimbi limekuwa la mita 3 na mawili tu ndiyo yanayoenea. Ikifika kilomita 11, wimbi lina mita 6 kamili: mgongo mmoja uko omo, mwingine uko tezi, yaani nyuma, na boti imelala bondeni katikati yao. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Ongeza mafuta hadi kilomita 16 hivi. Wimbi sasa lina mita 12, nusu yake ni mita 6, na kwa hiyo omo iko mgongoni huku tezi ikiwa chini kabisa bondeni. Boti imeinua pua, nahodha haoni mbele, injini inanguruma, na chombo kinapanda mlima wa maji kilioujenga chenyewe.

Wanaokijua kivuko cha Likoni, Mombasa, watanielewa upesi. Feri inapotia gati upande wa kisiwani, hamali wa mkokoteni hushuka na magunia yake na kuanza kupandisha ule mwinuko, na maji yakiwa yamekupwa mwinuko huwa mkali zaidi. Fikiri kwamba mwinuko huo haukai mahali pamoja, bali unasogea mbele kwa mwendo uleule wa hamali. Akiongeza nguvu, nao unaongeza mwendo, na juu ya hayo unazidi kusimama wima. Anamwita mwenzake asukume. Mkokoteni unasogea kidogo tu, na mwinuko unakuwa mkali maradufu. Jasho lote linaishia katika kukijenga kilima, wala si katika kufupisha safari. Na kilima hicho hakipotei. Kila kipande kinachobaki nyuma kinatawanyika pande mbili za barabara na kwenda kutikisa meza za wauza ndizi na karanga ambao hawakumkosea mtu. Wenye meza hawajali hamali ana haraka kiasi gani. Wanachokijua ni kwamba bidhaa zao zimemwagika.

Lakini kilima kina kilele. Akipata wasukumaji wa kutosha kwa mara moja, mkokoteni utavuka kile kilele, na mbele yake ni tambarare. Huko anaweza kwenda mara mbili ya mwendo wa mwanzo, na meza za watu pembeni zikatikisika kidogo kuliko alipokuwa akipanda. Tatizo ni kurudi. Hamali aliye tambarare akitaka kurejea mwendo wa polepole, hana njia nyingine ila kupita palepale mlimani. Akisimama katikati ya mteremko akidhani amepunguza mwendo vya kutosha, amesimama mahali pabaya kuliko pote.

Hilo ndilo lililompata msomaji wetu. Boti yao ilikuwa ng'ambo ya kilima. Walipopunguza mwendo kwa nusu wakatua mgongoni mwake, na kilima kikaenda kuzigonga boti za watu.

Huko ng'ambo kunahitaji jina. Neno la kwanza linalokuja kichwani ni "kuteleza", nami silipendi hapa. Anayeteleza hakukusudia, na mara nyingi mwisho wake ni kuanguka. "Kupaa" nalo halifai, kwa kuwa boti haijaachana na maji. Tuliweke neno hilo kwa vyombo vyenye mabawa chini ya maji, ambavyo huinua tumbo lote juu hewani. Ninapendekeza "kuserereka". Neno hili lina mwendo ndani yake, lina mguso, na hatuhitaji kuliazima popote. Boti inaserereka, hali yenyewe ni mserereko.

Katika mserereko, kinachoibeba boti kimebadilika. Ikiwa polepole, uzito wake hubebwa na maji iliyoyahamisha. Ikiwa kasi, tumbo lake bapa lililoinama kidogo huyapiga maji na kuyasukuma chini, nayo maji huisukuma boti juu. Msukumo huo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, msukumo huwa mara nne. Kwa boti ya mita 6, kutoka kilomita 25 au 30 kwa saa msukumo huo unatosha kubeba sehemu kubwa ya uzito. Tumbo linainuka, sehemu inayolowa inapungua, omo inashuka mahali pake, na wimbi la nyuma linakuwa chini na refu. Shehena, umbo la tumbo na kina cha maji huzisogeza nambari hizi huku na huko, lakini kilima kinabaki.

Aliyetuonyesha kwamba yote haya yanafuata kipimo kimoja ni mhandisi Mwingereza William Froude, aliyezaliwa mwaka 1810. Mwaka 1867, kwenye mto Dart kusini-magharibi mwa Uingereza, alivuta vielelezo vya maumbo mawili alivyoviita Swan na Raven, kila kimoja kwa ukubwa wa futi 3, 6 na 12. Hakuna umbo lililoshinda katika kila mwendo. Lililo muhimu zaidi ni jambo jingine: mwendo ukipangwa kulingana na kipeuo cha pili cha urefu wa chombo, kielelezo kidogo na kikubwa vilijenga picha ileile ya mawimbi. Serikali ya Uingereza ikamlipia tangi la kuvutia vielelezo huko Torquay, lililoanza kazi mwaka 1872, na hadi leo wajenzi wa meli duniani kote hutumia nambari yenye jina lake.

Kipimo hicho kinaeleza pia kwa nini mabaharia wetu hawakuhitaji kukivuka kilima. Jahazi lenye mita 16 majini halifiki mguuni pa kilima chake kabla ya kilomita 18 kwa saa, na upepo wa kaskazi au wa kusi mara chache hulidai zaidi ya hapo. Ngalawa nayo ina ujanja wake: tumbo lake ni jembamba kiasi kwamba wimbi linaloinuka ni dogo, na kwa hiyo kilima chenyewe ni kifupi. Ndiyo maana kwa upepo mzuri huipita mashua pana yenye urefu uleule.

Sasa turudi kwenye kibao. Florida ilipitisha mwaka 1978 sheria ya kuwalinda manati, mnyama wa majini mwenye mita kama 3 na uzito wa karibu nusu tani, binamu wa nguva wetu ambaye amebaki kwa uchache mno katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Manati hujeruhiwa na boti mara kwa mara hivi kwamba watafiti huwatambua mmojammoja kwa makovu ya rafadha, yaani propela, migongoni mwao. Boti inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Ikienda 8, hupita mita 2 na ushei, na nishati ya pigo lake ni sehemu moja ya 25.

Kanuni za jimbo hilo zina ngazi mbili za polepole. Ya kwanza ni mwendo mdogo kabisa unaotosha tu kuuwezesha usukani. Ya pili inataka boti iwe imetoka kabisa kwenye mserereko na kutulia majini. Na inasema wazi kwamba boti inayoserereka, inayoanza kuserereka, au inayoshuka kutoka kwenye mserereko, haimo katika mwendo wa polepole. Someni tena maneno hayo. Ni kilima chenyewe kimeandikwa katika sheria, bila nambari hata moja! Na katika baadhi ya mikondo mirefu ya kupitia, sheria hiyohiyo huruhusu maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40, mwendo unaoiweka boti ndogo salama ng'ambo ya pili.

Linganisheni na Windermere, ziwa refu la kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako mwaka 1930 mwendeshaji Henry Segrave alivunja rekodi ya dunia ya mwendo majini kwa karibu kilomita 159 kwa saa na kufa siku ileile boti yake ilipopinduka. Tangu mwaka 2005 kikomo cha ziwa hilo ni noti 10, sawa na kilomita 18.5 kwa saa, na noti 6 katika baadhi ya maeneo. Kikomo kiliwekwa kwa ajili ya usalama na utulivu wa watumiaji wengine, na kwa hilo kinafaa. Lakini kwa hesabu ya Froude, boti ya mita 6 inayokwenda noti 10 kamili iko palepale mlimani, huku noti 6 zikiiweka mguuni pa kilima. Nahodha anayetii kwa ukamilifu anaweza kuutikisa ukingo zaidi ya anayekwenda chini ya kikomo hicho, na nishati ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake.

Jeti-ski ina neno lake pia. Kwa kuwa ni ya mita 3 tu, kilima chake kinaanza karibu kilomita 8 kwa saa na hukivuka kwa kupepesa jicho. California imeweka maili 5 kwa saa, ambazo ni kilomita 8, kwa chombo kilichofika ndani ya futi 100 za muogeleaji. Ila jeti-ski haina usukani wa ubao. Hugeuzwa na mkuki wa maji unaotoka nyuma. Ukiachia mafuta ghafla, maji hayatoki, na mpini ukigeuzwa haugeuzi kitu: jeti-ski inaendelea mbele moja kwa moja. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani ililisisitiza jambo hili katika utafiti wake wa mwaka 1998, na baadhi ya miundo mipya imetengenezwa kulipunguza. Mgeni anayeikodi kwa robo saa hafundishwi na silika yake. Silika humwambia aachie mafuta na kukata kona, na hilo ndilo humpeleka juu ya mtu. Kwa hiyo umbali kutoka kwa waogeleaji ni muhimu kama mwendo wenyewe.

Nungwi, Diani na fukwe nyingine zetu zina jeti-ski, boti za watalii, ngalawa za wavuvi na watoto wanaoogelea katika maji yaleyale. Vibao vyetu visinakili vya barabarani. Viandikwe hivi: karibu na watu na gati, boti iwe imetulia kabisa, omo chini, bila mserereko, anayetaka kuserereka aende nje, mbali, na akiwa njiani kurudi apunguze mwendo mapema ili kilima chake kifie kwenye maji makuu. Nambari ya kilomita inataka kipima mwendo ambacho askari wa ufukweni mara nyingi hana. Omo iliyoinuka kila mtu anaiona, mvuvi na mtoto kwa pamoja, na ushahidi huo haumwachi nahodha na kisingizio.