Land Rover ya Zamani na Sura Isiyo Yake

Muuzaji akisema Land Rover yake ni ya mwaka 1949, mnunuzi asiharakishe kufungua boneti. Asimame mbele ya gari na kutazama taa kubwa zimekaa wapi.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na taa zake zilikuwa zimejificha nyuma ya wavu wa nyaya uliofunika karibu uso mzima. Kufikia mwaka 1951 taa kubwa zaidi zilikuwa zimetokeza mbele ya wavu huo. Haukupita muda mrefu wavu wenyewe ukapunguzwa, ukawa na umbo la herufi T iliyopinduliwa, taa zikabaki wazi kulia na kushoto. Umbo hilo liliendelea katika Series II ya mwaka 1958 na Series IIA ya mwaka 1961. Kati ya mwaka 1968 na 1969, kwa kutegemea nchi gari lilikouzwa, taa zilihamia kwenye madigadi na grili ikatanuka mfano wa msalaba. Kisha Oktoba 1971 ikaja Series III, na grili ya plastiki.

Kwa hiyo gari linalodaiwa kuwa la 1949, lenye grili ya umbo la T, limebadilishwa mahali fulani. Lakini kinyume chake hakithibitishi kitu. Grili hufunguliwa kwa dakika chache, na haya yalikuwa magari ya kazi: katika Afrika Mashariki yalibeba polisi, askari wa wanyamapori, wapima ardhi na wamisionari. Gari lililogonga mti porini lilitengenezwa kwa spea za gari lililokufa. Ndiyo maana fundi mzoefu hupitisha macho nyuma ya grili kabla ya kukubali chochote.

Hapo nyuma ndipo penye habari nyingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, na kampuni ya Rover ikatengeneza madigadi na boneti kwa mchanganyiko wa alumini. Ila paneli inayoshika rejeta ni ya chuma. Sumaku ndogo inatosha kupima: itanasa kwenye paneli, na kwenye madigadi itateleza na kuanguka. Ikinasa kwenye madigadi, kuna kipande cha chuma kilichochongwa gereji, au kiraka cha chuma chini ya rangi. Paneli za enzi ya taa za katikati zina matundu makubwa mawili ya taa; matundu hayo yakiwa yamezibwa kwa bati na taa ziko kwenye madigadi, gari la zamani limevishwa sura mpya.

Wavu wa nyaya nao una alama zake. Katika wavu wa kiwandani nyaya zilichomelewa kila zinapokutana, kisha wavu ukapakwa zinki, hivyo zinki imeingia hadi kwenye pembe za makutano. Uzee huipa rangi ya kijivu iliyofifia. Nakala mpya mara nyingi hung'aa sawasawa kila mahali, na nyingine ni za chuma kisichoshika kutu, kizuri kwa macho lakini si cha enzi hiyo. Wavu uliopoteza zinki katikati tu, pembeni ukiwa mzima, huenda uliwahi kuchomewa nyama. Habari za wenye Land Rover kuchomoa grili na kuiweka juu ya makaa husimuliwa sehemu nyingi, na moto kweli huiondoa zinki na kuukaribisha unyevu. Tabia hiyo haifai kurudiwa hata kidogo: moshi wa zinki hudhuru mapafu.

Kwa rejeta, kwaruza kidogo mahali pasipoonekana. Ya asili ina matangi ya shaba ya njano na kiini cha shaba katikati yake, maungio yakiwa yamelehemiwa kwa risasi. Ukikuta kiini cha alumini chenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno, hiyo ni ya juzi. Iko pia ya katikati, ambayo wengi huikataa bila sababu: matangi ya zamani yaliyotiwa kiini kipya cha shaba. Hiyo ni kazi halali ya fundi rejeta, na inastahili bei nzuri kuliko rejeta mpya yote, kwa sababu sehemu zenye umbo la kiwandani zimebaki.

Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover Oktoba 2024, magari ya rika mbalimbali yalijipanga barabarani. Lakini magari ya zamani yaliyobaki hayataongezeka, na kila paneli inayouzwa kama chuma chakavu inapunguza njia ya kuyafahamu.

Mwenye shaka aandike namba ya chesisi. Mfuko wa urithi wa magari ulioko Gaydon, Uingereza, hutoa hati kutoka kumbukumbu za kiwanda, yenye tarehe ya kutengenezwa na mahali gari lilikopelekwa. Tarehe hiyo ikilinganishwa na taa, paneli, wavu na rejeta, gari lililobadilishwa hujulikana. Na kama grili ya asili imepinda, inyooshwe polepole kwa mbao badala ya nyundo tupu, ili zinki isipasuke. Ikishindikana, ihifadhiwe stoo pamoja na namba ya gari lake.