Ya Tatu Yatoka Wapi?

“Mlisema mbili zatosha. Sasa hii ya tatu yatoka wapi?”

Bibi aliniuliza hivyo Machi 2022, nyumbani kwake Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, akinimiminia kahawa. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, na kichochoro kizima kilishaniita daktari.

Nikaanza kusomesha. Chanjo huufunza mwili kumtambua adui. Mwili hutengeneza kingamwili, kisha huweka seli za kumbukumbu. Miezi ikipita kingamwili hupungua. Kumbukumbu hubaki, ila huchukua siku kadhaa kuamka. Tena Omicron, aina ya kirusi cha korona iliyotambuliwa kusini mwa Afrika Novemba 2021, ilikuwa imebadilika kiasi cha kuwaambukiza hata waliochanjwa mara mbili, ingawa chanjo bado iliwakinga wengi wao na ugonjwa mkali. Kwa hiyo Desemba ile serikali iliruhusu dozi ya nyongeza, miezi sita baada ya dozi ya pili.

Bibi hakushughulika na seli. Marehemu babu alikuwa fundi wa majahazi, basi nikamkumbusha: chombo kikipandishwa pwani hutiwa kalafati upya, pamba na mafuta katika mianya ya mbao, na hakuna anayesema fundi alikiunda vibaya. Akatafakari. Kisha akanitazama.

“Na wewe ushachomwa hiyo ya tatu?”

Sikuwa nimechomwa. Wala rafiki zangu wengi darasani.

Si kwamba tuliamini uvumi. Dozi ya kwanza ya AstraZeneca ilinilaza siku mbili kwa homa, na siku unazokosa wodini lazima uzilipe. Ramadhani ilikuwa inaingia Aprili; sindano haifunguzi, masheikh walishasema, lakini nani anataka homa na swaumu pamoja? Halafu tarehe 11 Machi Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, akaondoa amri ya kuvaa barakoa nje. Maradhi yalionekana yamekwisha.

Lakini lililonizuia zaidi ni neno moja. Siku ya dozi ya pili, aliyenichoma alinirudishia kadi akasema, “Umemaliza.” Mtu akishaambiwa amemaliza, sindano ya tatu humfikia kama deni asilolikopa.

Na jina lenyewe, nyongeza! Ukinunua mchicha sokoni Marikiti, nyongeza ni lile fungu dogo unalotiliwa baada ya kulipa. Usipopewa, hukupungukiwa kitu. Linganisha na chanjo ya homa ya ini aina ya B. Wengi wetu tulizaliwa kabla Kenya haijaiingiza katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001, kwa hiyo tulichomwa tukiwa chuoni: leo, baada ya mwezi, baada ya miezi sita. Darasani kwetu hakuna aliyeikwepa ya tatu. Tangu mwanzo tuliambiwa ni tatu. Najua hazifanani, ile hukamilisha msingi, hii ya Covid huinua kinga iliyoshuka. Ila sikuiahirisha nyongeza yangu kwa sababu ya yaliyo kitabuni, na mgonjwa naye hatakuwa tofauti.

Nilikosea kuahirisha. Muuguzi hushika mikono ya wagonjwa mchana, jioni hurudi kwa wazee. Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa kwa mwezi mzima, Bibi alikuwa ndani na mimi nje, nikisikia kikohozi chake kwenye simu usiku nisiweze kwenda. Shirika la Afya Duniani, hata lilipopunguza orodha ya wanaohitaji nyongeza Machi 2023, liliwabakisha wahudumu wa afya walio mstari wa mbele pamoja na wazee. Mimi na Bibi tulikuwa orodha moja.

Asubuhi iliyofuata swali la Bibi nikaenda Hospitali Kuu ya Pwani, nikakunja mkono wa sare. Muuguzi aliponirudishia kadi nikamuuliza, “Nimemaliza?”

“Kwa sasa,” akasema.

Jibu hilo nikalipeleka Kibokoni kama lilivyo. Bibi akauliza tu kama tunaweza kwenda baada ya Idi.