Kipande cha chuma ndani ya karteri: usifunge bwate mbele ya kujua kimetoka wapi

Gari nyingi zinazotembea hapa Bukavu zilitumika kwanza Japani, zikaletwa kwa meli mpaka Mombasa ao Dar es Salaam, kiisha zikapanda njia mpaka kwetu. Ndiyo maana usukani wake uko upande wa kuume, hata kama katika nchi yetu tunatembea upande wa kuume wa barabara. Nyingi kati yake, kama Toyota Ist, RAV4 ao Harrier, ziko na bwate otomatiki.

Vidanji ya bwate hiyo mara nyingi inafanyika ndani ya parseli, pamoja na mekanisiye wa kartie. Si kazi mbaya, na inapunguza gharama. Shida inakuja siku ile karteri inashushwa na chini ya mafuta kunaonekana kipande kilichovunjika. Mwenye gari anauliza, na jibu linatoka haraka: "Papa, si gari ilikuja inatembea? Tufunge tu."

Jibu hilo linaweza kuua mtu. Kuna pyesi ndani ya bwate ambayo ikivunjika gari inaendelea kutembea vizuri kabisa. Haitelezi, haipigi kelele, vitesi zote zinaingia. Kazi yake inaonekana tu wakati gari imesimama kwenye mtelemko.

Karteri inatunza siri ya bwate

Karteri ni ile sahani ya chuma iliyofungwa chini ya bwate kwa bolti nyingi ndogo. Ndani yake mna mafuta, filtri, na sumaku ndogo za kushika vumbi la chuma. Kitu chochote kikilika ao kikivunjika ndani, sehemu kubwa inashuka pale. Kwa hiyo usiruhusu mtu aioshe mbele ya kuiangalia. Mimina mafuta polepole ndani ya beseni safi, na uchunguze chini kwa mwanga mzuri.

Unaweza kukuta vitu hivi:

*Tope la kijivu juu ya sumaku, laini kama majivu.* Hilo ni la kawaida. Ni chuma kinacholika kidogo kidogo kwa miaka. Pangusa sumaku, rudisha pahali pake.

*Unga mweusi mwingi, na mafuta yananuka kuungua.* Ni vitambaa vya ambreyaji za ndani vinavyolika. Mara nyingi gari hiyo inaanza kuteleza: moteri inapandisha sauti lakini mwendo haufuati.

*Vipande vinavyong'aa.* Chukua sumaku ujaribu. Vikinaswa ni chuma kigumu: beringi, meno ya gia ao sahani za ambreyaji. Vikiwa vya manjano na havinaswi, ni bushi zinazolika. Vitabu vya ufundi vya Toyota vyenyewe vinatofautisha hivyo.

*Plastiki.* Inaweza kuwa shingo ya filtri ao kifungo cha waya. Lakini si kila plastiki ni ugonjwa. Katika Ford nyingi za zamani, watu wanakuta kifuniko kidogo cha plastiki ambacho kilisukumwa ndani kiwandani wakati wa kuingiza bomba la kijiti cha kupimia mafuta. Hicho hakina madhara.

*Kipande chenye umbo:* jino, nusu ya springi, pete iliyokatika, ncha ya chuma kinene. Hapa ndipo kazi inasimama. Kipande chenye umbo kina mwenyewe, na mwenyewe lazima apatikane.

Kidole cha P

Ukiweka mkono wa vitesi kwenye P, ndani ya bwate kidole kimoja cha chuma kinaingia katikati ya meno ya gurudumu lililoungana na magurudumu ya gari. Ni kidole hicho tu kinachozuia gari isitembee. Kuna springi ndogo inayokirudisha nyuma ukitoa P. Kwenye bwate nyingi, fimbo inayokisukuma inaonekana karteri ikishatoka.

Kwa nini kinavunjika? Sababu ya kwanza ni kuweka P gari ikiwa bado inajongea. Utasikia "krrr": ni kidole kinaruka juu ya meno. Sababu ya pili ni desturi yetu ya kusimamisha gari kwenye mlima na kutumia P peke yake. Uzito wote wa gari, pamoja na abiria na magunia, unakaa juu ya ncha ndogo ile. Mwenye kuishi Kadutu ao Bagira anajua milima yetu ilivyo, na anajua pia kwamba batoto wanacheza palepale chini ya mtelemko.

Kwa hiyo kama kipande ulichokuta ni ncha ya chuma kinene ao kipande cha springi, mwombe mekanisiye akuonyeshe fimbo na kidole cha P. Kidole kikiwa kimefichika nyuma ya pyesi zingine, usikubali kukisia tu. Afazali gari ilale siku mbili ikingoja fundi wa bwate kuliko kufungwa bila jibu.

Jiwe lililopiga kutoka chini

Kuna kisa kingine kinachotokana na barabara zetu. Jiwe likipiga karteri, chuma kinabonyea kuelekea juu. Filtri iko karibu sana na sakafu ya karteri, kwa hiyo inaweza kubanwa ao kupasuka. Bwate inaanza kunyonya mafuta kwa shida, na bila presha ya kutosha ambreyaji zinateleza na kuungua. Mtu anaambiwa bwate imekufa, kumbe ilianza na karteri iliyobonyea na filtri ya bei ndogo. Ukiona karteri imebonyea, inyooshwe ao ibadilishwe, na filtri isirudishwe bila kuchunguzwa.

Mbele ya kufunga

Piga picha kila kitu, na uweke kipande ndani ya chupa safi. Ukienda kutafuta pyesi ya okazyo, picha na namba ya bwate vitakusaidia kuliko maneno. Namba hiyo iko pia kwenye kibati cha gari.

Usilale chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake. Weka viegemeo imara, na mawe ya kuzuia magurudumu. Acha mafuta yapoe kwanza, juu yanaunguza ngozi vibaya.

Pima mafuta yaliyotoka, urudishe kiasi hicho hicho. Vidanji ya kawaida haitoi yote: sehemu kubwa inabaki ndani ya konvertisa. Tena aina ya mafuta si jambo la kukisia. Toyota zingine zinaomba T-IV, zingine WS, na zile za mukanda, yaani CVT, zina mafuta yao peke yake. Bolti za karteri zikazwe sawasawa, bila nguvu nyingi, sababu nyuzi zake ni za aluminiamu na zinakatika haraka. Mafuta ya zamani yasimwagwe mtaroni: mitaro yetu inashuka mpaka ziwani Kivu.

Mwishoni, jaribu P. Tafuta mtelemko mdogo, hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma. Kanyaga freni, weka P, shusha freni ya mkono, kiisha achilia mguu polepole sana. Gari itasogea kidogo na kusimama. Ikiendelea kushuka ao ukisikia "krrr", kanyaga freni mara moja: kidole hakishiki. Gari hiyo isirudi kazini mpaka itengenezwe.

Na hata kama iko nzima, zoea utaratibu huu kila siku: kanyaga freni, vuta freni ya mkono, achilia mguu kidogo ili uzito ukae pale, kiisha ndipo uweke P. Kwenye mlima, ongeza jiwe chini ya gurudumu. Mashofere wa zamani walifanya hivyo na gari za vitesi za mkono. Otomatiki haikuondoa sababu ya kufanya hivyo.

Mekanisiye akikuambia tena "tufunge tu", muulize kwa heshima: "Kaka, hiki kipande kimetoka wapi?" Akikuonyesha pahali, mko kwenye njia nzuri. Akishindwa kukuonyesha, karteri ibaki chini.