Kupenda majaliwa

Katika masomo ya filozofia tunakuta neno la Kilatini «amor fati», maana yake kupenda majaliwa. Neno hilo limetoka darasani, limeingia hata katika michezo ya televisioni. Yafaa tulichunguze, kwa maana laweza kumtuliza mtu, tena laweza kumpoteza.

Asili yake. Wazo ni la zamani. Epikteto, aliyekuwa mtumwa, alifundisha kutenga mambo yaliyo katika uwezo wetu na yale yasiyo katika uwezo wetu. Lakini Nietzsche, Mjerumani, ndiye aliyelieneza neno lenyewe tangu mwaka 1882. Ugonjwa ulikuwa umemlazimisha kuacha ualimu mwaka 1879. Hakutaka kuvumilia tu yaliyompata, alitaka kuyapenda.

Mfano. Wajerumani walitunga mchezo unaoitwa «Dark», ulioonyeshwa tangu 2017 hata 2020. Kijana Jonas amefiwa na baba yake, aliyejinyonga. Anapata njia ya kurudi katika siku zilizopita, anakwenda kumsihi baba asijiue. Kumbe, baba hakuwa amewaza jambo hilo! Maneno ya mtoto ndiyo yanayompa wazo. Kwa kupigana na jambo lililokwisha kuwa, Jonas analileta yeye mwenyewe. Lakini mwishoni yeye na Martha wanakubali kutoweka, ili jamaa moja ya ulimwengu mwingine isife barabarani. Hawakunji mikono: wanakubali fungu lao, tena wanatenda.

Tofauti. Lugha yetu yatusaidia hapa. «Majaliwa» yatoka katika «kujaliwa», basi yuko anayejalia. «Fatum» ya Nietzsche haina mwenye kujalia. Mtu anapenda kitu kisichompenda. Mkristu anapokea yaliyompata kwa sababu anamtumaini Baba, wala halazimishwi kuuita ubaya wema.

Tujihadhari basi. Mama anapoleta mtoto mwenye homa ya malaria, tusimwambie: «Ni mapenzi ya Mungu.» Dawa ipo, na njia ya kwenda zahanati ingali katika uwezo wetu. Tumsaidie kufika upesi. Kama mtoto amekufa, na yote yaliyowezekana yamefanyika, ndipo tutakaa naye, na neno la kupokea litakuwa na mahali pake. Likisemwa mapema, laweza kuua.