Mkono Unaokufa Usiku

Mama mmoja wa kwetu huku Kolwezi, mwenye kazi ya kupasua mawe ya kujengea, alikuja kuniomba maombi. "Pasta, wananiroga. Kila usiku mkono unakufa ganzi, naamka naukung'uta." Nikamuuliza: "Mama, kidole kidogo nacho kinakufa?" Akafikiri. "Hapana. Kile kinabaki muzima."

Mchawi gani anasahau kidole kimoja?

Sikia namna iko. Ndani ya kiungo cha mkono kuko njia nyembamba, sawa tundu la wachimbaji. Mule munapita kamba tisa zinazovuta vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Ule mshipa ni wa kidole gumba, cha kuonyesha, cha katikati, na nusu ya kile cha pete. Kidole kidogo kiko na mshipa wake unaopita pembeni. Ukikamata nyundo kwa nguvu kutwa nzima, ndani munavimba, na mshipa unabanwa. Usiku tunalala tumekunja mkono, basi unabanwa zaidi.

Si jambo la leo. Mwaka 1700 munganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya kazi, na baadaye akaongeza humo mikono ya waandishi. Alitaka kila munganga amuulize mgonjwa: unafanya kazi gani? Hata sisi wapasta tungeuliza hivyo mbele ya kufunga macho.

Wewe unayepasua mawe, nawe mama wa masini ya kushona, usingoje. Pumzisha mkono kidogo kidogo, mara nyingi, kuliko mara moja jioni. Funga mpini na mpira kuukuu wa kinga, uwe munene, usiukaze sana. Usiku weka kikatoni kigumu chini ya kiungo, kinyooke, ufunge na kitambaa bila kubana. Ukiwa na mimba ao ugonjwa wa sukari, sema kwa munganga, maana navyo vinaleta ganzi hii.

Mama akanijibu: "Nikipumzika, beseni haijai. Watoto watakula nini?" Sina jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba nyama ya chini ya kidole gumba ikikauka, vikombe vinaanguka, na hata wakipasua mkono hospitali, nguvu yote inaweza kukosa kurudi.

Sasa saa za mchana anatumia mkono wa kushoto. Usiku analala. Ila mawe ya kushoto, anasema, yanatoka makubwa makubwa, na wanunuzi wananung'unika.