Safari ya siku moja kwenye milima ya Alps: Anza kupanga kurudi

Wengi wanaopanga kwenda milimani kwa treni na basi huanza kwa kuuliza: tutaondoka saa ngapi? Swali hilo ni zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: chombo cha mwisho cha kuturudisha kinaondoka saa ngapi? Jibu lake ndilo linaloamua mtu atoke nyumbani lini, atembee umbali gani na ageuze wapi.

Tuchukue mfano wa ziwa Königssee, kusini mashariki kabisa mwa Ujerumani, jirani na mpaka wa Austria. Ziwa hilo lina urefu wa karibu kilomita 8 na kina kinachofikia mita 190. Upande wake wa magharibi umesimama mlima Watzmann, wenye urefu wa mita 2,713. Tangu mwaka 1909 abiria huvushwa kwa boti za umeme, zisizo na kelele wala moshi.

Kwa nini kurudi ni muhimu hapa

Boti husimama kwenye kanisa dogo la St. Bartholomä, kisha katika miezi isiyo ya baridi huendelea hadi Salet, mwisho wa ziwa. Kutoka Salet ni mwendo wa kama dakika 15 kwa miguu hadi ziwa la pili, Obersee.

Tatizo ni kwamba kingo za Königssee ni kuta za mawe. Hakuna njia ya kutembea kandokando ya maji kurudi kijijini. Njia zilizopo hupanda mlimani, na ni za watu wazoefu. Anayekosa boti ya mwisho hawezi kusema, "basi, nitatembea."

Hesabu ya kurudi nyuma

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba boti ya mwisho kutoka Salet inaondoka saa 11 jioni. Ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo saa halisi itazamwe kabla ya safari na isomwe tena kwenye ubao wa gatini. Sisi tungepanga kupanda boti inayotangulia hiyo ya mwisho, kwa sababu jioni foleni huwa ndefu.

Boti huchukua karibu saa moja. Kisha kuna basi la kama dakika 10 hadi kituo cha treni cha Berchtesgaden. Kutoka hapo hadi München, kwa kubadilisha treni mjini Freilassing, ni karibu saa mbili na dakika 45. Hata boti ya saa 11 ingekufikisha München yapata saa 3 na nusu usiku, iwapo kila kiungo kitashika. Ndiyo maana ni vizuri kujua pia treni ya mwisho kutoka Berchtesgaden.

Sasa geuza hesabu hiyo kwa upande wa kwenda. Ukiondoka München saa 1 asubuhi, unaweza kuwa Salet kabla ya saa 6 mchana. Una saa tano mkononi.

Tiketi nayo hupanga siku

Tiketi ya kila mwezi ya Deutschlandticket hutumika kwenye treni za mkoa na mabasi ya kawaida, si kwenye treni za mwendo kasi. Asiye nayo anaweza kununua Bayern-Ticket ya siku moja, ambayo kundi la hadi watu watano huweza kusafiria pamoja. Lakini Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu, tiketi hiyo huanza kutumika saa 3 asubuhi. Ukitoka München saa hiyo, utafika Salet karibu saa 8 mchana, na zile saa tano zimebaki tatu. Mwisho wa wiki sharti hilo halipo. Boti ina nauli yake, na tiketi hizi mbili hazilipii.

Jambo jingine linalowapotosha wazungumzaji wa Kiswahili ni saa zenyewe. Ratiba za Ulaya huhesabu kuanzia usiku wa manane: 09:00 ni saa 3 asubuhi, na 17:30 ni saa 11 na nusu jioni. Andika zote mbili kwenye karatasi. Tena, basi la huku halisubiri lijae kama daladala. Dakika ikifika linaondoka, hata likiwa na abiria mmoja.

Kupima mwendo wa miguu

Wapanda milima wa Ujerumani hutumia kanuni rahisi: kilomita 4 kwa saa kwenye tambarare, mita 300 kwa saa kwa kupanda, na mita 500 kwa saa kwa kushuka. Piga hesabu ya umbali, kisha ya mwinuko. Chukua jibu kubwa, uongeze nusu ya lile dogo. Njia ya kilomita 8 inayopanda mita 900 ni saa mbili za umbali na saa tatu za mwinuko, yaani saa nne kwa jumla. Mapumziko na picha hayamo humo.

Baada ya hapo weka saa ya kugeuka, na uiheshimu hata kama hujafika ulikokusudia. Ukitoka Salet kwenda kuona maporomoko ya Röthbach, ng'ambo ya Obersee, ni zaidi ya saa moja kwa kwenda tu. Aliyefika Salet saa 8 anaweza kwenda, lakini hana nafasi ya kukawia.

Wakati wa kiangazi mvua za radi mara nyingi hupiga alasiri, sababu nyingine ya kuanza mapema. Beba koti, maji na viatu vinavyoshika. Pakua ratiba na ramani kwenye simu, maana mtandao huweza kukatika kati ya milima. Ukipatwa na dharura, namba ni 112.

Ziwa litakuwepo kesho. Boti ya leo ndiyo haitakungoja.