Zawadi ya muziki isimponze mwanao

Mwanao amefaulu mtihani na sasa anakukumbusha ahadi: umnunulie chombo cha muziki cha kubeba mfukoni. Si ajabu. Tangu Sony ilipotoa Walkman nchini Japani mwaka wa 1979, vijana wamependa kutembea na nyimbo zao. Lakini mzazi, kabla ya kufungua kibeti, usitazame rangi na bei peke yake.

Mwombe mwenye duka akuonyeshe kama sauti yaweza kuwekewa kikomo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lashauri mtoto asipitishe wastani wa desibeli 75 kwa saa 40 kwa juma. Vijana wengi hupandisha sauti ili kuushinda mngurumo wa matatu. Basi chagua visikizio vinavyokaa vyema masikioni, na umwonye avivue anapovuka barabara.

Ikiwa anasoma shule ya bweni, uliza kwanza kama sheria zinaruhusu.

Wahenga walinena, mtoto akililia wembe mpe. Kwa hili, tusiwafuate. Chembechembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Chombo kikiharibika utanunua kingine. Sikio halina spea.